Kapteni Anayejua Yote Atatuua

Wasee, kuna aina moja ya vidio siwezi kuipita nikiwa kwa simu: ndege inakuja kutua, upepo unaisukuma kando, bawa moja linakaribia kugusa lami, halafu sekunde ya mwisho inanyooka na kukaa chini. Hizo vidio nazipenda. Ninachochukia ni komenti. "Huyo rubani ni simba." "Mwanaume ni mmoja tu pale mbele." Juzi mtu akaandika kwamba ndege ikiharibika hewani, kitu cha kwanza kapteni anafaa kufanya ni kuambia kila mtu anyamaze, yeye ashike usukani peke yake. Komenti ikachapwa laiki mpaka ikapanda juu kabisa.

Nimekaa na hiyo komenti siku tatu. Leo namjibu, na nawajibu wote waliompigia makofi. Hiyo imani imeua watu kwa ndege, inaua watu barabarani, na inatuharibia kazi, shule na nyumba zetu kila siku. Ndege ikikataa kutii usukani, kapteni anayejua yote ni mzigo. Tunayemhitaji ni kapteni anayeuliza.

Na sitoi hii kwa hewa. Iko kwa rekodi.

Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya United Airlines, safari namba 232, ilitoka Denver ikielekea Chicago, Marekani. Ilikuwa DC-10, ile ya injini tatu: moja kila upande chini ya bawa, na ya tatu juu kwa mkia. Ndani kulikuwa na watu 296. Kapteni alikuwa Al Haynes. Kando yake rubani msaidizi William Records, na nyuma yao mhandisi wa ndege Dudley Dvorak.

Saa tisa na dakika 16 alasiri, wakiwa futi 37,000 juu, kukatokea mlipuko nyuma. Diski ya feni kwa ile injini ya mkiani ilipasuka, na vipande vyake vikarushwa kama risasi. Hapo ndipo shida kubwa ilianzia, kwa sababu vipande vile vilikata mapaipu ya haidroliki.

Kama hujui haidroliki, fikiria breki za gari. Unakanyaga pedali, mafuta yanasukumwa kwa paipu, breki zinashika. Kwa ndege kubwa kama ile, rubani akivuta usukani ni hayo mafuta yanayosukuma vile vipande vinavyosogea kwa mbawa na mkia ili ndege ipande, ishuke au ipinde. DC-10 ilikuwa na mifumo mitatu ya haidroliki, ndiyo mmoja ukifa, mingine miwili ibaki. Siku hiyo yote mitatu iliisha mafuta ndani ya dakika chache.

Records ndiye alikuwa anaendesha. Akaona ndege inalalia kulia. Akazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, akauvuta nyuma mpaka mwisho. Ndege ikaendelea kulalia kulia kama vile hakuna mtu ameguza kitu. Haynes akachukua usukani wake, akajaribu. Hakuna. Ilikuwa inaenda kupinduka. Haynes akapunguza nguvu ya injini ya kushoto na kuongeza ya kulia, na pole pole ndege ikarudi kukaa sawa.

Sasa hapo ndipo nataka tusimame. Huyu ni kapteni mwenye miaka zaidi ya 30 kwa hiyo kazi. Ana kila sababu ya kusema "nyamazeni, niachieni." Kulingana na yule mtu wa komenti, huu ndio wakati wa simba kunguruma.

Haynes alifanya nini? Aliuliza.

Dvorak akaingia kwa redio kuongea na mafundi wa kampuni, kule San Francisco. Mafundi wakauliza tena na tena kama ni kweli haidroliki zote zimekwisha, kwa sababu kwa vitabu vyao hiyo hali haikuwepo. Waliotengeneza ndege waliona haiwezekani mifumo yote mitatu ife pamoja, kwa hivyo hakuna mtu aliyekuwa ameandika cha kufanya. Fikiria hiyo. Unapiga simu kwa watu wanaojua kila kitu kuhusu mashine yako, na jibu lao ni kimya.

Halafu mhudumu wa ndege akaleta ujumbe: kuna abiria huko nyuma anaitwa Dennis Fitch, ni mwalimu wa marubani wa DC-10, anauliza kama anaweza kusaidia. Haynes hakusema "hii ndege ni yangu." Alisema aje. Kwanza akamtuma arudi kwa madirisha aangalie kama vile vipande vya mbawa vinasogea. Fitch akarudi na jibu baya: havisogei hata kidogo. Basi wakampa kazi nyingine. Akapiga magoti kati ya viti vya marubani, akashika vishikio viwili vya nguvu za injini, kimoja kila mkono, na kwa muda uliobaki yeye ndiye akawa mikono ya ndege. Kulia ikizidi, anaongeza injini hii na kupunguza ile. Pua ikishuka, anaongeza zote. Pua ikipanda, anapunguza kabla haijapanda sana. Ndege ilikuwa inapanda na kushuka kama mawimbi, na karibu kila kona waliyopiga ilikuwa ya kulia, kwa sababu kushoto ilikuwa inakataa.

Hebu angalia picha yenyewe. Kapteni anaongea na mnara, anaamua waende wapi na lini. Records anasaidia na usukani, labda utashika, na anamwambia Fitch ndege inafanya nini. Dvorak yuko kwa redio na vitabu. Fitch yuko magotini. Watu wanne, na kila mmoja anasema kwa sauti anachokiona. Hata mzaha haukukosa: Fitch aliahidi watakunywa bia wakishuka, na Haynes akajibu kwamba yeye hanywi pombe lakini ya siku hiyo atakunywa.

Dakika 44 waliiweka hewani ndege ambayo haikuwa na usukani. Walielekea Sioux City, jimbo la Iowa. Magurudumu wakayaangusha kwa uzito wake wenyewe, kwa sababu hata hayo yalitegemea haidroliki. Njia ya kutua waliyopangiwa ilikuwa nyingine, lakini ndege ilipokaa sawa ilijikuta inaelekea njia namba 22, ambayo ilikuwa imefungwa na magari ya zima moto yamepaki juu yake. Mnara ukaamrisha magari yaondoke, yakatoka mbio.

Ndege ya kawaida ya aina ile ingetua kwa kama noti 140. Wao walikuja kwa karibu noti 220, sawa na kilomita 400 kwa saa, na walikuwa wanashuka kwa kasi mara kadhaa kuliko inavyotakikana. Hawangeweza kupunguza, kwa sababu wakipunguza nguvu pua inaanguka. Sekunde za mwisho bawa la kulia likashuka, likagonga lami. Ndege ikavunjika, ikashika moto, na sehemu yake kubwa ikaishia ndani ya shamba la mahindi.

Watu 112 walikufa. Watu 184 wakaishi. Wale wanne wa mbele wote waliishi.

Najua kuna mtu atasema: watu 112 walikufa, wewe unasherehekea nini? Sisherehekei. Lakini baadaye marubani wenye uzoefu walipewa hali ile ile kwa simyuleta, na wachunguzi wa Marekani wakahitimisha kwamba kutua salama na ndege ya hivyo ni kitu hata hakiwezi kufundishwa. Kwa hivyo wale 184 hawakuwa kwa hesabu ya mtu yeyote. Mahali ambapo vitabu viliisha, watu wanne walioongea na kusikizana walitoa watu 184.

Haynes mwenyewe alitumia miaka mingi akizunguka kuhutubia watu kuhusu siku hiyo, mpaka uzeeni. Alifariki 2019. Wakimwita shujaa alikuwa anakataa. Alitaja vitu vitano: bahati, mawasiliano, maandalizi, utekelezaji na ushirikiano. Angalia vizuri hiyo orodha. Hakuna mahali ameandika "mimi."

Sasa, hiyo tabia ya kuuliza ilitoka wapi? Hii sehemu watu wa komenti hawaijui, na ndiyo inaumiza zaidi.

Miaka 11 kabla, tarehe 28 Desemba 1978, ndege nyingine ya kampuni hiyo hiyo, safari namba 173, ilikuwa inakuja kutua Portland, Oregon. Walipoteremsha magurudumu wakasikia kishindo, na taa ya kuonyesha kwamba magurudumu yako sawa haikuwaka. Kapteni akaamua wazunguke kwanza hewani, achunguze, na wahudumu waandae abiria. Hiyo ni busara, hakuna shida. Lakini wakazunguka, wakazunguka, karibu saa nzima, kapteni akili yake yote iko kwa magurudumu. Wenzake wakataja mafuta. Walitaja vile sisi huwa tunataja vitu kwa wakubwa: kwa upole, kwa kuzunguka, kwa kutumaini ataelewa. Hakuna aliyesema "kapteni, mafuta yanaisha, tutue sasa." Injini zikaanza kuzima moja baada ya nyingine. Ndege ikaanguka mtaani, kilomita chache tu kutoka uwanjani.

Watu 10 walikufa kati ya 189. Mmoja wao alikuwa mhandisi wa ndege, yule ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia mafuta. Na magurudumu? Yalikuwa chini na yameshika vizuri kutoka mwanzo.

Soma hiyo tena. Ndege iliyokuwa inaweza kutua haikutua, kwa sababu mbele kulikuwa na mtu mmoja wa kuamua na wawili wa kunung'unika. Wachunguzi walimlaumu kapteni kwa kutojali mafuta na kutojibu wenzake walipomtajia, na wakawataja pia hao wenzake kwa kutofikisha wasiwasi wao. Wakapendekeza kitu ambacho wakati huo kilionekana kama matusi kwa makapteni: wafundishwe kuongoza kwa kushirikisha, na walio chini yao wafundishwe kusema kwa ujasiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 United ikaanza hayo mafunzo. Haynes aliyapitia. Baadaye alisema wazi kwamba bila hayo hawangefika hata Sioux City.

Kampuni ni moja. 1978, shida ndogo, watu wamenyamaza, vifo 10 ambavyo havikufaa kutokea. 1989, shida ambayo haina dawa, watu wanaongea, 184 wanarudi nyumbani.

Sasa tukuje kwetu, kwa sababu najua mnasema hayo ni mambo ya wazungu.

Tarehe 5 Mei 2007, safari ya Kenya Airways namba 507 iliondoka Douala, Kamerun, usiku, ikija Nairobi. Watu 114. Baada ya muda mfupi ikaanguka kwa kinamasi cha mikoko, na hakuna aliyepona. Mnakumbuka, ama mmesikia wazazi wakiongea. Ripoti ya Kamerun ilitoka 2010. Hiyo ndege haikuwa na hitilafu yoyote ya kuiangusha. Kapteni alitamka maneno ya kuwasha mtambo wa kujiendesha, lakini mtambo haukushika, na hakuna aliyethibitisha. Gizani, ndege ikaanza kulalia kulia pole pole, pole pole, na hakuna aliyekuwa anaangalia vipimo. King'ora kilipolia, tayari ilikuwa imelala sana, na kapteni akachanganyikiwa asijue juu ni wapi. Ripoti ilitaja pia ukosefu wa uratibu kati ya marubani wawili.

Sitaji majina ya hao marubani na sitaki uyataje kwa komenti. Wana familia, na wafu hawajitetei. Mimi nalia na kitu kikubwa kuliko wao. Mtu anasema "imewaka," na mwenzake hasemi "haijawaka." Hiyo sentensi moja ndogo. Nani kati yetu amelelewa kuisema?

Mimi sikulelewa kuisema. Niwape ushahidi dhidi yangu mwenyewe.

Kuna siku nilikuwa kwa matatu tunateremka kwenda Mai Mahiu. Wanaojua ule mteremko wanajua. Nusu ya njia nikaanza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akaisikia pia. Akamwambia dere, kwa adabu kabisa, "Kijana, hebu simama uangalie breki, kuna kitu kinaungua." Kabla dere ajibu, makanga akamrukia: "Mzee, kama unajua kuendesha si ununue yako?" Matatu nzima ikacheka. Mimi pia nikacheka. Nilikuwa nasikia hiyo harufu kwa pua yangu mwenyewe, na nikacheka.

Mzee hakunyamaza. Akasema tena, sasa kwa sauti: "Breki zinaungua. Ninaogopa. Simamisha gari." Mama mmoja wa nyuma akaongezea, "Simamisha bana, tushuke." Dere akapunguza mwendo, akapata mahali, akaegesha. Gurudumu la nyuma lilikuwa linatoa moshi. Tukakaa pale kando ya barabara karibu saa moja likipoa, makanga akipiga simu, hakuna aliyekuwa anacheka.

Hakuna kilichotokea, na ndiyo maana hamkuona kwa habari. Lakini mimi nimebeba ile harufu na kile kicheko mpaka leo. Yule mzee ndiye alikuwa Dennis Fitch wetu, na sisi wengine tulikuwa Portland, tunazunguka tu, tunangojea mtu mwingine aseme.

Mnaona jinsi tunavyofanya? "Ununue yako." "Unajifanya unajua." "Wewe ni nani?" "Tangu lini mtoto akafunza mkubwa?" Uko kwa atachi, unaona hesabu ya bosi imekosewa, unanyamaza kwa sababu unataka barua ya mapendekezo. Uko shule, mwalimu ameandika jibu mbaya ubaoni, darasa la watu 50 linanakili hilo jibu. Uko nyumbani, unaona baba hayuko sawa, anashika kifua, anasema ni gesi, na wewe unangojea aseme mwenyewe twende hospitali. Tunaiita heshima. Wakati mwingine ni heshima kweli. Mara nyingi ni woga umevaa suti ya heshima.

Na msinielewe vibaya. Sisemi heshima itupwe. Yule mzee wa matatu alianza na "kijana" na "hebu." Records na Dvorak hawakumtukana kapteni wao. Unaweza kumheshimu mtu na umwambie mafuta yanaisha. Ukweli ni kwamba kama unamheshimu, ndio umwambie zaidi.

Kuna hoja mbili nimezipata kwa watu wangu wa karibu, na si za kijinga, acha nizijibu.

Ya kwanza: ndege si baraza la wazee, lazima kuwe na mtu mmoja wa kuamua, la sivyo mtagombana mpaka mgonge mlima. Kweli kabisa. Lakini Haynes hakuacha ukapteni hata sekunde moja. Fitch alikuwa mwalimu, na bado alipoingia mle ndani alifanya kazi aliyopewa. Uamuzi ulibaki kwa mmoja. Habari ndiyo ilitoka kwa wote. Kapteni anayeamua baada ya kusikia watu watatu ana macho manane. Kapteni anayewanyamazisha ana mawili, na hayo mawili yanaweza kuwa yameganda kwa taa ya magurudumu.

Ya pili: hiyo ilikuwa bahati tu, mwalimu wa DC-10 kuwa abiria siku hiyo. Bahati ilikuwepo, Haynes mwenyewe aliitaja ya kwanza. Lakini bahati ilikuja kubisha mlango, na mlango ukafunguliwa. Ni makapteni wangapi wangemwambia mhudumu, "mwambie akae kwa kiti chake afunge mkanda"? Na si hiyo tu. Sioux City walikuwa wamefanya mazoezi ya ajali ya ndege kubwa miaka miwili kabla, 1987. Mtu aliuliza "je, ikitokea?" kabla haijatokea, na wengine hawakumcheka. Ndiyo magari ya wagonjwa, hospitali na wanajeshi wa akiba waliokuwa pale uwanjani wakajua pa kukimbilia.

Na kama bado unafikiri ni bahati, kuna Baghdad, tarehe 22 Novemba 2003. Ndege ya mizigo ya DHL, Airbus A300, ilipigwa kombora muda mfupi baada ya kuruka. Haidroliki zote tatu zikaisha, bawa la kushoto likawa linaungua. Ndani walikuwa watatu tu: kapteni, rubani msaidizi na mhandisi wa ndege. Wakaiendesha kwa injini pekee, wakagawana kazi, mara ya kwanza hawakukaa sawa wakazunguka tena, mara ya pili wakatua. Wote watatu wakatoka wakitembea kwa miguu yao.

Kuna sababu moja ya mwisho inayonifanya nichukie hadithi za simba mmoja. Tukishamaliza kumshangilia rubani, tunasahau karakana. Ile diski iliyopasuka kwa safari 232 ilikuwa na kasoro kwa chuma chenyewe tangu ilipotengenezwa, mapema miaka ya 1970. Kasoro ikazaa ufa, ufa ukakua safari baada ya safari. Wachunguzi walisema ukaguzi wa injini haukuuona huo ufa, kwa sababu hakuna aliyetilia maanani vya kutosha kwamba macho ya binadamu anayekagua huchoka na hukosa. Yaani kabla rubani awe shujaa kwa dakika 44, kulikuwa na miaka ambayo mtu angeweza kuona, kusema na kuokoa wote 296 bila sinema yoyote. Hakuna mtu angepiga vidio. Hakuna komenti ya simba. Ndege ingefika Chicago, watu wangelalamika kuhusu chakula, na wangeenda nyumbani.

Hiyo ndiyo aina ya ushujaa nataka tuanze kuupenda: wa mtu aliyesema mapema.

Kwa hivyo kwa yule ndugu wa komenti: sina ubaya na wewe. Lakini siku ndege yako itaanza kulalia upande mmoja na usukani uwe kama wa mchezo wa watoto, utaomba Mungu mbele kusiwe na simba. Utaomba kuwe na mtu anayegeuka nyuma na kuuliza, "Nyinyi mnaona nini?"

Na kwa sisi wengine, ambao wengi wetu hatuko kwa kiti cha kapteni, ni kama yule mzee wa Mai Mahiu alivyofanya mara ya pili. Alisema anachokisikia: breki zinaungua. Akasema kinachomsumbua: ninaogopa. Akasema anachotaka: simamisha gari. Vitu vitatu, havina matusi, havina kuzunguka. Jaribu wiki hii, kwa kitu kidogo. Mwambie bosi. Mwambie mwalimu. Mwambie dere wa boda kwamba taa ilikuwa nyekundu.

Na ukiwa wewe ndiye kapteni, hata kama ni wa kikundi cha watu watano cha chama, uliza, halafu nyamaza usikie jibu.

Mimi nilicheka siku ile. Sitacheka tena. Niambie kwa komenti: ni lini ulisikia harufu na ukanyamaza?